Rangi Nne za Land Rover ya Mzee



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, gereji za mjini Moshi hujaa magari. Nendeni Majengo, nendeni Pasua, nendeni Njoro, mtayakuta yamepangwa chini ya miti, mengine hayana milango, mengine vioo vimefunikwa kwa magazeti, na harufu ya thina imetanda mtaa mzima. Wenye magari hayo wanajiandaa kwa Krismasi, ile safari ya kupanda mlimani ambayo watani wetu wanaiita "kwenda kuhesabiwa". Na kwa hakika hakuna mtu anayependa kuhesabiwa huku gari lake likiwa na makovu. Kwa hiyo kila mwenye gari kuukuu humwendea fundi na maneno yale yale: "Fundi, nipigie rangi nzuri, lakini unifikirie bei."

Novemba iliyopita nami nilikuwa mmoja wao. Leo nataka tuzungumze juu ya safari hiyo, kwa sababu nilikwenda kutafuta rangi nikakutana na historia.

Gari lenyewe ni Land Rover ya marehemu baba, ile ndefu ya inchi 109. Imelala mgombani, nyumbani kwetu Mamba, tangu mwaka 2009. Kuku wametagia ndani, mchwa wamekula mbao za viti. Katika kikao cha familia kaka yetu mkubwa alitoa hoja kwamba iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, tugawane kitakachopatikana. Dada yetu akasema haiwezekani, ibada ya kumkumbuka baba imepangwa Desemba, na hilo gari ndilo lililotusomesha sote. Baada ya maneno mengi wakakubaliana kwamba lisiuzwe, lipigwe rangi, lisimame uani siku ya ibada. Kazi nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye niliye karibu. Fedha tulizochanga hazikuwa nyingi. Fundi wa kwanza niliyemwendea alinitajia bei inayolingana na mishahara yangu mitatu. Wa pili alinitajia theluthi ya hiyo, akasema gari litakuwa tayari kwa siku mbili. Wote wawili hawakuuliza hata gari lina hali gani.

Wa tatu ni mzee wa miaka sitini na ushee, gereji yake ni mwarobaini mmoja na banda la mabati. Huyu hakutaja bei. Alipanda nami pikipiki hadi Mamba, akainama kwenye mlango wa dereva, akachukua kipande cha msasa na maji kidogo, akasugua mahali pamoja, duara la ukubwa wa sahani. Alipopangusa, nikaona rangi zimejitokeza moja ndani ya nyingine: nyeupe, kisha bluu, kisha krimu, kisha kijani, na katikati kabisa bati lililong'aa.

"Mdogo wangu," akasema, "hapa kuna rangi nne. Moja kati ya hizi ni adui. Tukipiga rangi mpya bila kumtoa, umetupa fedha zako."

Ndugu wasikilizaji, hebu tuanze na ile ya chini kabisa, yaani kijani.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgawo, lakini alumini ya kutengenezea ndege ilikuwapo. Kwa hiyo bodi ikaundwa kwa mchanganyiko wa alumini, na chuma kikabaki kwenye chesisi na ule ukuta unaotenganisha injini na dereva. Rangi nayo ilikuwa ile ya kijani iliyobaki jeshini. Ndiyo sababu magari yale ya mwanzo yalitoka ya kijani. Uamuzi ule wa watu waliobanwa na uhaba unatuathiri mpaka leo hapa mlimani. Alumini haili kutu nyekundu kama chuma, na ndiyo maana Land Rover za zamani bado zinatembea. Lakini mahali alumini inapogusana na chuma na maji yakaingia kati, alumini inageuka unga mweupe. Rangi nayo haishiki kirahisi juu ya alumini tupu. Inahitaji praima yake maalumu yenye tindikali, inayoling'ata bati kwanza.

Ya baba ilitengenezwa miaka ya 1960. Mwenyewe wa kwanza ilikuwa misheni moja, na hilo si jambo la ajabu, maana habari ya magari na habari ya misheni hapa kwetu haziachani na habari ya kahawa. Mapadre waliileta kahawa Kilema karne ya 19 inaelekea ukingoni. Mwaka 1925 wakulima wakaanzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake wakazi wote wa Moshi wanalijua. Kahawa ilileta shule, ilileta mabati, na kwa wachache ilileta magari.

Hapa nifungue mabano kidogo juu ya rangi yenyewe. Magari ya kwanza duniani yalipakwa kwa brashi kama meza na makabati, tabaka juu ya tabaka, na kazi ilichukua wiki nyingi. Henry Ford, kati ya mwaka 1914 na 1925, aliuza gari lake la Model T likiwa jeusi tu. Mwaka 1923 General Motors wakaanza kutumia rangi ya selulosi iitwayo Duco, iliyotengenezwa na DuPont, ambayo ilikauka haraka na ilipatikana kwa rangi mbalimbali. Mwaka 1921 kampuni ya 3M ilikuwa imeshatoa msasa wa kutumia na maji. Kijana wa kampuni hiyo, Richard Drew, alipokuwa akipeleka msasa kwenye gereji za mji wa St. Paul, akawakuta mafundi wakilalamika kwamba karatasi wanazofunikia zikibanduliwa zinaondoka na rangi. Mwaka 1925 akawatengenezea ile tepu ya karatasi tunayoijua leo. Na bunduki ya kupulizia rangi? Hiyo ilitokana na kifaa cha daktari wa koo wa Toledo, Ohio, aitwaye DeVilbiss, cha kupulizia dawa kooni. Mwanawe, Thomas, akakigeuza kuwa bunduki ya rangi mwaka 1907. Likumbukeni hilo la koo, maana nitalirudia.

Sasa tuje kwenye krimu.

Mwezi wa Julai mwaka 1975 baridi kali iliangamiza mibuni huko Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kishindo mwaka 1976 na 1977. Wazee wetu huku Mamba hawakuiona theluji ya Brazil, lakini waliziona fedha zake. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1976 serikali ilikuwa imevivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo, na havikurudishwa kisheria hadi miaka ya 1980. Hata hivyo malipo ya kahawa yalifika. Mwaka 1977 baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye kihamba cha kahawa, akainunua ile Land Rover ya misheni ikiwa imetumika. Gari jipya wakati ule lilikuwa la kibali, na mwalimu kupata kibali ilikuwa ndoto.

Akaishusha mjini ipigwe rangi ya krimu. Kazi ile ilifanywa sawasawa. Fundi wangu alipoisugua alitikisa kichwa kwa heshima: "Huyu aliyepiga hii alikuwa fundi." Mara nyingi nimejiuliza mafundi wale walitoka wapi. Gereji za zamani za Moshi, kama za miji mingi ya Afrika Mashariki, zilikuwa za Wahindi, na wengi katika mafundi wakubwa walikuwa Kalasinga. Waafrika waliingia kama spanaboi: mshike spana, oshe injini, sugue bodi. Kusugua bodi ilionekana kazi ya chini kabisa, lakini ndiyo iliyowafundisha. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo ya kupangisha, Wahindi wengi waliondoka nchini. Spanaboi wakabaki na spana. Mzee wangu huyu ni mwanafunzi wa mmoja wa spanaboi hao.

Rangi ile ya krimu ilikuwa na bahati ya kuwahi. Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Kwa mtu wa Dar es Salaam pengine ilikuwa habari ya redioni tu. Kwa mtu wa Moshi, ambaye Holili na Taveta ni pua na mdomo, ulikuwa mlango wa dukani uliofungwa. Vipuri, rangi, thina na msasa vilivyokuwa vikitoka Nairobi vikawa bidhaa za magendo.

Na hapo ndipo tunaifikia bluu.

Mwaka 1978 tukavamiwa na Idi Amin, tukapigana hadi mwaka uliofuata. Bei ya mafuta ikapanda duniani. Fedha za kigeni zikakauka. Wenzangu wa umri wangu tuliokuwa watoto tunakumbuka foleni za sabuni na sukari. Wakubwa zetu wanakumbuka pia marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakawa wanatupa mali usiku kwa woga. Katika hali hiyo, mwalimu wa Mamba angepata wapi rangi ya gari?

Mama anasimulia kwamba mwaka 1982 baba alipata kopo mbili za rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango na madirisha ya nyumba, zilizobaki kwenye ujenzi wa zahanati. Krimu ilikuwa imechubuka, na ukingo wa chini wa ule ukuta wa chuma ulikuwa umetoboka kwa kutu. Akaziba matundu kwa alichokuwa nacho, akachukua brashi, akaipaka Land Rover yote bluu, Jumamosi moja, akisaidiwa na kaka yetu mkubwa. Miaka iliyofuata aliendelea kuziba na kupaka kila palipotoboka.

Nami nimeviona vizibo hivyo kwa macho yangu. Tulipoikwangua ile puti ngumu karibu na miguu ya dereva, ndani yake mlitoka gazeti. Naam, gazeti kama hili unalolisoma, limekunjwa, limeshindiliwa ndani ya tundu, na puti ikapakwa juu. Pembeni mwaka ulisomeka: 1984. Fundi akacheka sana. "Mwandishi," akaniambia, "kumbe ninyi mmekuwa mkiziba kutu siku nyingi!" Nilicheka nami, lakini neno lile nilikwenda nalo nyumbani.

Tabaka la juu ni jeupe, na hili nalikumbuka mwenyewe.

Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 1983. Katika bajeti ya mwaka 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, mtoto wa Usangi hapa hapa mkoani kwetu, watu waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, mwaka 1986 tukatiliana mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na maduka yakajaa. Rangi ya gari ikawa unainunua kama chumvi. Lakini kama ilivyo desturi ya dunia, bidhaa ziliporudi, fedha ziliondoka. Mwezi wa Julai mwaka 1989 mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Wakulima wengi wakaanza kutazama mibuni kwa macho ya shoka, wakapanda nyanya na mahindi. Baba akaona kahawa haitalipa ada. Mwaka 1992 akaamua Land Rover ibebe abiria na mizigo, kutoka Himo kupanda Marangu na Mwika, hasa siku za soko la Mwika, akina mama na mikungu yao ya ndizi.

Gari la abiria lazima lipendeze. Akaipeleka mjini kwenye gereji moja, ambayo sitaitaja, wakaipiga nyeupe kwa siku mbili. Nilikuwa darasa la sita. Ilirudi inang'aa, tukaizunguka kama bi harusi. Wiki haikuisha. Rangi ilianza kujikunja, kwanza kwenye boneti, kisha milangoni, ikawa kama ngozi inayojitengeneza juu ya maziwa yaliyochemka. Baba akarudi gereji. Akaambiwa kosa ni la gari lake. Akadai fedha zake, hakupewa. Aliondoka kimya. Kwa miaka kumi na saba iliyofuata aliendesha gari hilo likiwa na mikunjo yake, na abiria wakalipa jina la Kobe. Sisi watoto tuliona aibu kuteremka kwenye Kobe mbele ya wenzetu. Leo naona aibu kwa ile aibu.

Sasa mnamjua adui. Ni ile bluu. Mafuta ya rangi ya nyumba hayapatani na thina ya selulosi. Thina ikiyafikia inayaamsha, yanavimba na kujikunja, na kila kilicho juu yake kinakunjwa nacho. Gereji ile ya mwaka 1992 ilikuwa na rangi nzuri na bunduki nzuri. Isichokuwa nacho ni nusu saa ya kusugua mahali pamoja na kutazama kilichopo chini.

Fundi wangu akanieleza kwamba kazi ya rangi, ukiigawa mafungu kumi, mafungu manane ni maandalizi, na kwamba njia ya halali ya kupunguza bei ni mwenye gari kuyafanya maandalizi hayo mwenyewe. Kwa hiyo Novemba nzima, siku za mapumziko, mimi na wapwa zangu wawili tulikuwa mgombani na ndoo za maji. Nawapeni utaratibu wake, huenda ukamfaa mmoja wenu.

Kwanza, osha gari lote kwa sabuni na maji, ukungu na kinyesi cha kuku vitoke. Kisha pangusa mafuta na nta kwa kitambaa chenye thina au dawa ya kuondoa mafuta, na ufanye hivyo kabla ya kugusa msasa. Ukianza kusugua gari lenye mafuta, unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo, na rangi mpya ikifika hapo inatawanyika na kuacha vijishimo.

Pili, ondoa kila kinachofunguka: taa, bampa, vioo vya pembeni, vitasa, raba za milango, kibao cha namba. Weka skrubu kwenye makopo na uandike kila kopo ni la wapi. Gari ambalo limefunikwa kwa tepu bila kufunguliwa utalitambua mwakani, maana rangi itaanza kubanduka kwenye kingo za raba.

Tatu, toa rangi mbovu. Kwetu ilibidi kushuka mpaka chini ya bluu, paneli baada ya paneli. Tulitumia maji muda wote. Rangi za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Msasa wa maji hauachi vumbi kuruka, lakini tope lake nalo usilimwage kwenye mboga. Krimu ilipokuwa imeshika vizuri tuliiacha, kwa sababu rangi ya zamani iliyoshika ni msingi mzuri kuliko bati tupu.

Nne, kutu. Hapa hakuna huruma. Kutu hukwanguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kama kuna tundu, linakatwa na kuchomelewa bati. Puti ni ya kusawazisha mbonyeo, si ya kujengea ukuta. Hupakwa nyembamba juu ya bati lililokwaruzwa, husuguliwa kwa msasa namba 80 kisha 180, na unapima kwa kiganja, si kwa jicho, maana kiganja hakidanganywi na mwanga. Baada ya hapo praima, na praima husuguliwa kwa maji na msasa namba 400 mpaka iwe laini kama yai. Ndipo mtu azungumze habari ya rangi.

Katika hatua hiyo ya nne ndipo tulipokwama. Tulipoyatoa yale magazeti, ule ukuta wa chuma ulionekana umeliwa pande zote mbili, na mguu mmoja wa chesisi nyuma ulikuwa laini kama biskuti. Fundi akaweka msasa chini.

"Mdogo wangu, fedha mlizonazo zinatosha rangi au kuchomelea. Hazitoshi vyote. Mimi nikipiga rangi juu ya hili, siku mtu akilinunua akapanda nalo Mwika na abiria, nitakuwa nimemdanganya."

Nikampigia simu kaka yangu. Akasema gari halitauzwa, litasimama uani tu, fundi apige rangi, wageni wanakuja. Dada naye safari hii akawa upande wake, kwa kuwa siku ya ibada ilikuwa inakaribia. Sikuwa na hoja ya kuwashinda ila ile ya mwaka 1992. Nikawakumbusha Kobe. Simu ikawa kimya kidogo, kisha kaka akasema, "Basi, wachomelee."

Palikuwa na jambo la pili. Kaka alitaka rangi ya kisasa, ile inayochanganywa na dawa ya kuikausha, ambayo inang'aa kama kioo na haihitaji kusuguliwa mwisho. Ni rangi imara kweli. Lakini dawa ile ina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zikivutwa zinaweza kumletea mtu pumu isiyopona, na kitambaa cha puani hakizizuii. Inatakiwa barakoa ya hewa safi inayoletwa kwa bomba, na chumba maalumu. Chini ya mwarobaini hakuna chumba. Fundi wangu ameipiga miaka mingi akiwa na leso usoni. Nilipomuuliza kuhusu kikohozi chake, alisema walifundishwa kunywa maziwa baada ya kazi, yanasafisha kifua. Wasikilizaji, maziwa yanakwenda tumboni, hayapiti mapafuni. Kifaa kilichobuniwa na daktari kuponya koo leo kinaharibu makoo ya mafundi wetu, na sisi tunasimama pembeni tukiomba punguzo. Nikajiuliza: ile bei nafuu tunayoililia, nani anaimalizia?

Tukakubaliana kutumia selulosi, ambayo haina isosianeti. Nayo si maji ya kunywa, mvuke wake unadhuru, kwa hiyo sehemu ya mchango wetu ilinunua barakoa yenye vichujio vya kemikali. Fundi aliipokea akaigeuza-geuza. "Miaka yote hii," akasema, "hakuna mteja aliyewahi kuniletea hii."

Jambo la tatu lilikuwa hali ya hewa. Selulosi ikipigwa wakati hewa ina unyevu mwingi, inakauka ikiwa na utando mweupe kama pumzi juu ya kioo. Novemba na Desemba ni vuli. Fundi anasema karibu nusu ya rangi zinazoharibika Moshi huharibika kwa Krismasi, si kwa ubaya wa rangi. Akatuambia wazi tungoje jua la Januari au Februari.

Kwa hiyo ibada ya baba ilifanyika bila ile rangi. Land Rover ilisimama uani, imechomelewa, ina rangi ya kijivu ya praima mwili mzima, haina taa. Wageni waliuliza. Mzee mmoja aliyekuwa akipanda nayo kwenda soko la Mwika aliuweka mkono kwenye boneti, akasema, "Mikunjo imekwisha." Hilo lilitutosha.

Kuna watakaosema napoteza muda, kwamba siku hizi ni zama za magari yaliyotumika kutoka Japani, na vijana wa VETA wanalinganisha rangi kwa kompyuta. Ni kweli, na ni maendeleo. Lakini Oktoba 2024 Land Rover kwa mamia zilijipanga barabarani Arusha katika tamasha lao, nyingi zikiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake. Hazikufika pale kwa bahati. Zilifikishwa na mafundi waliojifunza wakati hakuna kitu, na ambao wengi wao hawana cheti wala bima ya afya.

Limebaki suala la rangi gani. Dada alitaka ile ya kijani ya mwanzo. Lakini rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi, na ukiibadili unapaswa kupeleka taarifa TRA. Nikaifungua kadi ya baba. Imeandikwa krimu. Bluu ilipita, nyeupe ikapita, na kadi haikuambiwa lolote. Basi tumechagua krimu. Ni halali, haina gharama ya makaratasi, na ni ile iliyopigwa na fundi wa kweli. Jua likiendelea hivi, Mungu akipenda, itapigwa Jumamosi ijayo asubuhi, sakafu ikiwa imemwagiwa maji ili vumbi litulie.

Ndugu wasikilizaji, ukimwendea fundi na gari lako kuukuu, usianze na bei. Mwombe asugue mahali pamoja kwanza, mtazame kilichopo chini. Na ukiweza, mpelekee barakoa.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.